Mzee anatembea kila siku lakini kuinuka kitini ni kazi: aongeze nini?

Swali
Wakuu, naomba msaada. Mzee wa miaka 72 anatembea nusu saa kila asubuhi na anatumia dawa ya presha. Ila kitini hainuki mpaka asukume kwa mikono, na usiku akienda msalani anashika ukuta. Kumbe kutembea hakutoshi? Aanze na zoezi gani?

Jibu 1
Mkuu, kutembea kunasaidia moyo na pumzi, lakini mapaja na makalio hayapati mzigo wa kutosha kwenye njia tambarare. Dawa yake ni kukaa na kusimama. Tafuta kiti kigumu, urefu kama sentimita 45, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Asogee ukingoni, arudishe nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainamishe kifua mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo asimame. Wengi wanakwama hapa: nyayo ziko mbele, mgongo wima, halafu lawama anapewa goti.

Kushuka kuna faida kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo ahesabu mpaka tatu, asijibwage. Mara 8, apumzike dakika 2, arudie. Siku 3 kwa wiki, zisifuatane. Akishindwa bila mikono, akalie mto mgumu kwanza. Na asibane pumzi, presha hupanda, aitoe anapoinuka.

Jibu 2
Naongezea: nguvu bila uimara wa kusimama bado ni hatari. Shirika la Afya Duniani linawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba angalau siku 3 kwa wiki, mbali na kutembea. Asimame mbele ya meza nzito, vidole viwili tu vikiigusa. Miguu pamoja sekunde 10; akimudu, mguu mmoja utangulie kwa nusu ya unyayo; mwisho kisigino cha mbele kiguse vidole vya nyuma. Avue ndala, maana hukunja vidole kuzishikilia na nyayo haikai sawa.

Jibu 3
Hilo la usiku msilikimbilie kuliita udhaifu wa miguu. Huenda presha inashuka anaposimama. Alale dakika 5, mpime; asimame, mpime tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, ziandike umpelekee daktari. Dawa asiiache mwenyewe, tafadhali! Kwa sasa aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu kama dakika moja, awashe taa, ndipo ainuke.

Muuliza swali
Asanteni sana. Magoti yake hulia akichuchumaa, aendelee?

Jibu 1
Mlio bila maumivu si tatizo. Goti likiuma vikali au likivimba kesho yake, ongeza kimo cha kiti na upunguze idadi. Uvimbe usipoisha, aonwe na daktari.