Eafoni zangu zimekwisha, natafuta nyingine zenye besi nzito na sauti safi, bajeti elfu 50

mtoto_wa_tandika
Wakuu habari za jioni. Eafoni zangu za waya zilianza kukata upande wa kushoto, nikiukunja waya pale karibu na pini sauti inarudi kidogo afu inapotea tena, nikampelekea fundi hapa mtaani akakata akafunga pini mpya. Sasa pande zote zinaongea ila mziki umeharibika kabisa, besi haipo, nikiweka amapiano ile ngoma yake nzito ya logidramu inasikika kama mtu anagonga ndoo ya plastiki. Nimeona bora ninunue mpya. Nataka besi inayotikisa lakini na mwimbaji nimsikie anasema nini, maana kuna zile ukiweka singeli inakuwa fujo tu, ngoma na maneno vyote vimelala sehemu moja. Bajeti elfu 50, ikizidi sana 60. Nasikilizia kwenye daladala asubuhi na ghalani mchana. Duka moja Kariakoo wamenionyesha zimeandikwa EXTRA BASS kwenye boksi, za elfu 8, za 15 na za 45, na zote muuzaji anaapa ni orijino. Nichukue zipi, na je waya au blututhi?

Kapteni wa Gongo la Mboto
Blututhi mzee. Nani bado anatembea na waya unaning'inia kwenye daladala, konda akipita anaondoka nao.

fundi_spika
Ngoja kwanza ndugu mwandishi, usitupe hizo za zamani. Dalili unazosema mi nazijua, kabla fundi hajagusa besi ilikuwepo na baada ya kugusa haipo, hapo fundi kageuza waya za upande mmoja. Kila spika ina waya mbili, ya kwenda na ya kurudi, akizipishanisha upande mmoja basi spika ya kulia ikisukuma ya kushoto inavuta. Sauti inatoka pande zote lakini mziki unakuwa mwembamba, mwimbaji aliyekuwa katikati ya kichwa anakosa pa kukaa, na besi ndo inaumia kuliko vyote.

Kupima rahisi. Weka wimbo wenye besi, sikiliza sikio moja tu, afu lingine peke yake, afu yote mawili pamoja. Kama moja moja besi ipo na ukiunganisha inayeyuka, jibu ndo hilo. Mrudishie fundi mwambie abadilishe waya mbili za upande mmoja, kazi ya dakika chache. Na mwambie achome ile rangi ya waya vizuri kabla ya kuweka risasi ya kuunganishia, zile waya nyembamba za rangi nyekundu na kijani zimepakwa kitu kama vanishi, isipotoka risasi inakaa juu juu na wiki ijayo unarudi tena kukata.

Kununua mpya nunua tu, ila hizo zitakuwa za akiba.

mtoto_wa_tandika
Aisee fundi nimejaribu sasa hivi na ni kweli, sikio moja moja besi ipo! Kesho nampelekea. Ila mpya bado nataka, hizi waya wake umechoka hata pale kwenye kitufe.

Mzee wa Besi
Nakuja na somo kidogo mtanisamehe kwa urefu, hili jambo watu wanapigwa kila siku.

Maneno EXTRA BASS kwenye boksi ni wino tu, yeyote anaweza kuchapa. Hata ile namba wanayoandika 5Hz mpaka 40,000Hz (Hz ni mitetemo ya sauti kwa sekunde, namba ndogo ndo besi) haikusaidii kitu, sikio la binadamu linasikia kuanzia kama Hz 20 mpaka 20,000 na kwa mtu mzima hapo juu pameshapungua. Ukubwa wa spika ya ndani nao usikudanganye, kuna ya milimita 10 inaipiga ya milimita 14 bao la mapema.

Kinacholeta besi kwa eafoni za kuingiza ndani ni kuziba. Kimpira kikiacha upenyo kidogo tu besi yote inatokea hapo, inabaki chaka chaka ya juu. Ndo maana watu wawili wanavaa eafoni ile ile, mmoja anasema nzito mwingine anasema nyepesi, na wote wanasema kweli. Zinakuja na vimpira saizi tatu, ndogo, kati na kubwa, na watu wengi wanabaki na zile za kati zilizokuja zimevalishwa wala hawafungui kale kapakti. Jaribu zote, na usishangae kulia ukatumia kubwa na kushoto ya kati, masikio hayalingani. Ukiwa umevaa, sukuma kidogo kwa kidole, kama besi inaruka ghafla basi eafoni haina kosa, kimpira ndo hakijakutosha.

Na kwenye daladala ndo zaidi. Muungurumo wa injini uko chini kule kule besi inapokaa, kwa hiyo injini inaifunika besi yako na wewe unabaki na sauti za juu, unaongeza volyumu mpaka masikio yanalia. Zile za kuning'inia tu sikioni bila kimpira sahau kabisa kwa matumizi yako.

Sasa majina. Kwa bajeti yako mi ningeangalia KZ, kampuni ya Uchina. EDX Pro ndo ya bei ya chini, spika moja ya milimita 10, besi imenyanyuliwa na juu pamenyanyuliwa, kwa amapiano inakufaa na chenji inabaki. ZSN Pro inapendwa lakini juu ni kali, zile simbali za singeli zinaweza kukuchoma. Ukitaka besi hasa tafuta KZ Castor lile toleo la besi, ina spika mbili kila upande na vijiswichi vinne unapandisha na kushusha mwenyewe kwa kale kachuma wanakoweka kwenye boksi. Moondrop Chu II watu wataisifia hapa, na sauti yake kweli ni safi sana kwa dola zake ishirini hivi, ila besi yake ni ya kistaarabu, kwa wewe unayetaka kutikiswa utaona imepungua. Sony MDR-XB55AP ya waya ilikuwa kiboko ya besi kwenye hii bei, spika milimita 12, shida ni kwamba feki zake zimejaa na kutofautisha kwa macho ni mtihani.

Kitu kingine cha kuangalia kuliko jina ni waya unaotoka. Hizo KZ waya unachomoka pale sikioni, pini mbili, ukikatika unanunua waya peke yake kwa hela ndogo unachomeka. Wewe eafoni zako zimekufa kwa sababu ya waya, spika zenyewe hazina tatizo. Sasa kwa nini ununue tena kitu ambacho kitakufa kwa ugonjwa ule ule? Ila ukichomeka angalia upande, baadhi ya waya pini zinaingia hata kinyume na ukigeuza upande mmoja utarudi kwenye lile tatizo alilosema fundi_spika.

Kapteni wa Gongo la Mboto
Mzee umemaliza karatasi yote ya mtihani 😂 ila mi bado blututhi.

binti_mwembe
Mbona hamjamuuliza simu yake ina tundu la eafoni?

mtoto_wa_tandika
Dada umegusa penyewe. Simu haina tundu, natumia kale kaadapta ka taipu si kanakoingia tundu la chaji, nilinunua elfu 3.

binti_mwembe
Basi hako kaadapta nako kachunguze. Kuna aina mbili kwa nje zinafanana. Moja ni waya mtupu, inategemea simu yenyewe itoe sauti ya eafoni kupitia tundu la chaji, na simu nyingi siku hizi hazitoi, unachomeka inakaa kimya. Nyingine ina kachipu ndani kanakobadilisha sauti ya dijitali kuwa ya kawaida, hiyo ndo inafanya kazi kwa simu nyingi. Kama yako inapiga maana yake imekubaliana na simu yako, ila vichipu vya bei ya kutupa vinaleta mvumo wa chini chini ukisikiliza kitu cha taratibu. Kwa taarabu utausikia, kwa singeli hata hautajua upo.

Mtu akikushauri ile adapta ndogo nyeupe ya Apple, ni nzuri kweli na ina chipu yake ila kwenye simu nyingi za Android sauti inatoka ndogo, usije ukadhani umeuziwa mbovu. Au chukua eafoni ambazo pini yake ni taipu si moja kwa moja, ubaya wake husikilizi huku unachaji.

Na kama umeshaona eafoni mpya ambayo mwimbaji anasikika kwa mbali kama yuko kisimani, afu ukibonyeza na kushikilia kitufe cha maiki anarudi, hiyo ni pini. Pini zenye maiki zina pete nne na kuna mipangilio miwili ya hizo pete duniani, maiki na ardhi (njia ya kurudi ya umeme) zimebadilishana nafasi. Haijafa, haijaelewana na kifaa chako tu.

Otis_254
Niko Nairobi, nimeona hii maneno nikasema nichangie. Mimi ni mtu wa blututhi na hiyo bajeti inatosha. Soundcore P20i ni kama elfu tatu hivi za huku, iko na apu yake kwa simu, unachagua ekwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu. Oraimo pia, hawa ni wa nyumba moja na Tecno, Infinix na itel, karibu kila mtaa wako na duka kwa hivyo warantii ni rahisi kufuatilia. Pale Luthuli Avenue unaeza pata hizi zote lakini ingia duka lenye linaandika risiti na namba ya kifaa, si ule mtu wa pembeni ya barabara.

Mzee wa Besi ako sawa juu ya vimpira, hata kwa blututhi ni hivyo hivyo.

Mzee wa Besi
Otis sikatai, ila mwambie na upande wa pili. Kila sikio lina kabetri kadogo kasikobadilishika, kakichoka safari imeisha hata kama spika bado nzima, na kanachoka, miaka miwili mitatu ya kutumia kila siku unaanza kuona chaji inaisha kabla ya mchana. Na sikio moja likidondoka kwenye mtaro wa Tandika umebaki na nusu.

Otis_254
Ukweli. Lakini kwa ghala ukibeba mizigo waya utanasa kwa boksi siku ya kwanza.

mtoto_wa_tandika
Hapo Otis kanichanganya tena 😅 kweli nikiwa ghalani nainama sana.

fundi_spika
Pitisha waya ndani ya shati utokee shingoni. Hizo KZ waya unapita juu ya sikio, ukivutwa hauchomoi eafoni kirahisi.

Neema Z
Samahani naingilia, kazini kwetu tulifundishwa habari za kelele. Shirika la Afya Duniani wanasema ukali wa sauti wa desibeli 80 mwisho ni masaa 40 kwa wiki, ikifika 90 inashuka mpaka masaa 4 tu kwa wiki nzima. Wewe unasikiliza njiani na kazini mchana kutwa, hayo masaa unayamaliza mapema. Simu nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo cha volyumu, weka. Na ghalani kama kuna foklifti inapita acha sikio moja wazi tafadhali.

Mzee wa Besi
Neema yuko sahihi, na ndo faida nyingine ya kuziba vizuri, unasikia besi kwa volyumu ndogo.

Nimalizie na ekwalaiza maana wengi wanaharibu hapo. Mtu anapandisha besi mpaka mwisho, mziki unaanza kukwaruza, anasema eafoni mbovu. Ukipandisha besi shusha sauti ya jumla kwenye hiyo hiyo ekwalaiza, wanaita priampu, kwa kiasi kile kile ulichopandisha. Kwa Android kuna apu inaitwa Wavelet, ndani ina marekebisho tayari kwa modeli zaidi ya elfu mbili, unatafuta jina la eafoni yako inarekebisha yenyewe afu unaongeza besi kwa ladha yako. Usinyanyue kila kitu chini ya Hz 250, hapo kwenye 150 mpaka 250 ndo panapofunika mwimbaji. Nyanyua chini ya 100 tu, utapata ngoma na maneno utayasikia, ndo ile shida yako ya singeli.

mtoto_wa_tandika
Wakuu mmenipa darasa. Naona nielekee KZ ya waya, Castor nikiipata ndani ya hela yangu, nikikosa EDX Pro. Jumamosi naenda Kariakoo. Swali la mwisho, dukani watakubali nijaribu? Na vimpira wengine wanasema vya sponji ndo besi zaidi, ni kweli?

binti_mwembe
Duka lenye eafoni ya kujaribia watakubali, nenda na simu yako na adapta yako hiyo hiyo, na nyimbo unazozijua uzipakue kabisa usitegemee bando. Wakikataa kabisa hata kusikiliza moja sogea duka la pili, Mtaa wa Aggrey maduka hayaishi.

fundi_spika
Sponji inaziba vizuri kuliko mpira, unaiminya kwanza ndo unaingiza, ikivimba ndani imekaa. Inakata kidogo ukali wa juu pia. Ila usiioshe kwa maji mengi kama ile ya mpira, inachakaa haraka, na kwa jasho la ghalani utakuwa unabadilisha mara kwa mara. Anza na za mpira zilizokuja nayo.

Kapteni wa Gongo la Mboto
Ukizipata hizo za vijiswichi leta bei hapa, na mimi nafikiria fikiria.