Zuhura anataka tovuti (kikundi: Ukoo Wetu, Tanga–Dar–Maskati)

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Wadogo hamjambo. Kuna mteja wa Ujerumani anataka nimfasirie vijitabu vya afya, kaniuliza tovuti yangu ni ipi. Sina. Nitumie programu gani? Mambo ya kompyuta mnanijua, naishia kwenye Word.

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Hongera kwa mteja. Si una Instagram? Mtumie hiyo.

Zuhura: Shangazi, Instagram yangu imejaa harusi ya Mariamu 😂

Idrisa: WordPress. Mjadala umefungwa.

Dada Salha: Umefungwa na nani? WordPress ipi?

Idrisa: Da Salha, umeanza.

Dada Salha: Wanaoanza wanapotelea hapohapo. Zuhura, ziko mbili. Moja ni programu ya bure inayopatikana WordPress.org. Hiyo unatafuta mwenyewe kampuni ya kukukodishia nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayokaa hewani muda wote, unaisimika, unaitunza. Nyingine ni WordPress.com, huduma ya kampuni ya Automattic. Unafungua akaunti kama ya barua pepe, mengine wanafanya wao. Ukichukua ya bure, matangazo yao yanakaa kwenye kurasa zako na anwani yako inaishia na wordpress.com.

Idrisa: Nasema ile ya kwanza. Ipo tangu 2003 na zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinatumia WordPress. Ukikwama popote, kuna mtu alishakwama hapo kabla yako na jibu lipo.

Dada Salha: Na masasisho je? Programu yenyewe, mandhari (yale mavazi ya tovuti), plagini. Akiiacha miezi bila kuigusa, wahuni wanaingia, mteja anafungua tovuti ya mfasiri anakuta kamari.

Zuhura: Plagini ndiyo nini?

Idrisa: Vipande vya nyongeza. Unataka fomu ya kuandikiwa ujumbe, unaweka plagini. Unataka lugha mbili, unaweka Polylang, ina toleo la bure.

Zuhura: Lugha mbili nazihitaji! Kiswahili na Kiingereza.

Idrisa: 😎

Dada Salha: Za kurasa nne tu? Atengeneze ukurasa wa Kiswahili, atengeneze wa Kiingereza, juu aweke kiungo cha kwenda huku na huku.

Mama Kassimu: Samahanini kuwakatiza. Mchango wa hitima, bado watu watatu. Mnajijua.

Juma: Mimi nimetuma shangazi, angalia M-Pesa. Da Zuhura, tumia Wix. Ya timu yetu ya mpira nilitengeneza huko. Unaburuta picha, unaachia, basi.

Dada Salha: Wix kwa wepesi haina ubishi. Ila ya bure bango lao lipo juu, na domeini yako, yaani anwani uliyojisajilia mwenyewe, huiunganishi mpaka ulipie. Halafu ukitaka kuondoka, hakuna pa kubonyeza upewe tovuti yako nzima ukaifungue kwa mwenye nyumba mwingine. Unanakili maandishi moja moja.

Juma: Kuondoka aende wapi sasa?

Baba Mdogo Hamza: Juma, wewe hukuzaliwa. Miaka ya tisini watu walikuwa na kurasa zao GeoCities, bure, unajenga unavyotaka. Yahoo wakainunua 1999, 2009 wakaifunga. Watu wa Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni, walikimbizana kuokoa walichoweza. Kwa hiyo hata usipotaka kuondoka, unaweza ukaondolewa.

Juma: Sawa ba mdogo 🙏🏾

Dada Salha: Zuhura, tuache majina ya programu kwanza. Una kompyuta au simu tu? Unataka kuweka nini? Na umetenga kiasi gani?

Zuhura: Ninayo laptop ya kaka ya zamani, betri imekufa ila kwenye umeme inakwenda. Nataka maelezo yangu mafupi, CV, mifano mitatu ya kazi, na pa kuniandikia. Hela… mteja hajalipa hata senti 😅

Dada Salha: Basi Google Sites, huduma ya Google ya kutengenezea tovuti. Ni bure, haina matangazo, akaunti ya Gmail unayo. Kutengeneza fanya kwa laptop, kwenye simu utahangaika bure. CV iandike kwenye Google Docs kisha uipachike kwenye ukurasa, ukirekebisha kule na huku inabadilika. Ubaya wake mapambo ni machache, tovuti zake zinafanana kama sare za shule. Mteja wako hatafuti mapambo.

Idrisa: Google nao si wa kuwaamini milele. Google Domains, huduma yao ya kusajili domeini, waliwauzia kampuni ya Squarespace mwaka 2023.

Dada Salha: Kweli kabisa, na ndiyo maana domeini asajili mwenyewe, kwa jina lake na barua pepe yake. Mambo yakienda vizuri anunue inayoishia na .me.tz, hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu binafsi. Google Sites inakubali kuunganishwa nayo. Kesho akitaka WordPress yako, anwani inabaki ileile, anabadilisha inakoelekea tu. Mteja hajui kama umehama.

Idrisa: Hapo sina neno. Ila nasajili mimi, nimezoea.

Dada Salha: Msaidie, lakini akaunti iwe YAKE. Wangapi wamekwama kwa sababu fundi aliyewasajilia hapokei simu?

Idrisa: Mimi ni fundi wa ukoo, nitakwenda wapi 😂 Sawa, iwe yake.

Shangazi Mwajuma: Aweke na vyeti vyake vyote, avipige picha waone amesoma.

Dada Salha: Shangazi, hapana jamani. Cheti kikipigwa picha vizuri mtu anakichukua, anafuta jina lako anaweka lake. Ataje chuo na mwaka, anayetaka kukiona aombe. Na namba ya kitambulisho isionekane popote, wala mtaa anaokaa.

Shangazi Mwajuma: Dunia imeharibika. Haya.

Zuhura: Na mifano ya kazi? Nina ile mikataba niliyofasiri mwaka jana, nilijisikia fahari nayo.

Baba Mdogo Hamza: Hiyo usiiguse. Karatasi za mteja ni siri ya mteja, hata ukifuta majina. Huyo Mjerumani akiona umeanika za mwenzake atajua zake nazo utazianika. Chukua maandishi yasiyo na mwenyewe. Azimio la Haki za Binadamu la 1948 ni la wote, fasiri ibara mbili tatu kwa namna yako, weka Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia.

Zuhura: Ba mdogo hiyo nzuri sana!! Na kipande cha chanjo pia, nitaandika mwenyewe kwa lugha zote mbili.

Idrisa: Siku ukianza kuandika makala kila wiki, utanitafuta. Google Sites si ya makala.

Dada Salha: Hapo nakubaliana naye. Siku hiyo hamia.

*Jumamosi*

Zuhura: Kiungo hicho hapo juu. Nimekesha nayo. Ifungueni kwa simu zenu mniambie.

Mama Kassimu: Imefunguka haraka, na bando langu la kuungaunga. Picha umependeza.

Shangazi Mwajuma: Mbona CV siioni? Inaniambia niombe ruhusa. Niombe ruhusa kwa mtoto wangu mwenyewe?

Dada Salha: 😂😂 Zuhura, ile faili ya Docs bado imefungwa. Nenda kwenye kushiriki, weka yeyote mwenye kiungo anaweza kutazama. Kutazama tu, usimpe mtu kuhariri.

Zuhura: Tayari. Shangazi jaribu tena.

Shangazi Mwajuma: Nimeiona. Umeandika "mfasiri, Tanga". Ukurasa wa Kiingereza hauna neno Tanga.

Zuhura: Narekebisha sasa hivi kabla sijamtumia.