Kizimamoto kwenye pikipiki: kinasaidia kweli, na nikifunge wapi?

Boda wa Malaba

Habari zenu ndugu zangu. Naendesha boda hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, na kila asubuhi kabla sijaanza kutafuta abiria nawapeleka shule watoto wawili wa jirani. Wiki iliyopita pikipiki ya mwenzetu ilishika moto hapo hapo stejini. Hakuwa ameanguka wala kugongwa na mtu, alikuwa ameisimamisha tu anaongea na mteja. Tulisikia harufu ya petroli, kisha moto ukatokea chini ya tangi, upande wa kabureta. Kijana wa chapati akakimbia na beseni la maji akamwaga, moto ukateremka na yale maji mpaka kwenye tairi la pikipiki ya pili. Tuliuzima kwa mchanga wa watu waliokuwa wanajenga jirani, lakini siti, waya na kabureta vilikuwa vimeshakwisha.

Tangu siku hiyo nawawaza wale watoto. Dukani nimeona kizimamoto kidogo cha kilo moja, kama kile cha kwenye taksi. Wenzangu wanasema ni mzigo wa bure, kwamba moto wa petroli ukianza umeanza. Naomba wenye ujuzi wanisaidie: ninunue cha unga au cha gesi? Nikifunge wapi, maana kulia kuna ekzosi na kushoto ndiko akina mama wanakoning'iniza miguu wakikaa upande? Na mtikisiko wa barabara zetu hautakiharibu?

Dereva wa Arua

Nunua, kaka. Nimeendesha taksi kwenda Koboko miaka mingi na sikuwahi kusafiri bila hicho kitu. Ila uangalie sana unachouziwa. Kuna mitungi inabebwa ili afande wa trafiki aone rangi nyekundu, basi. Tazama kile kisaa kidogo juu: sindano ikiwa kwenye kijani, sawa. Ikiwa kwenye nyekundu, hicho ni chuma tu, usilipe hata shilingi. Na pini iwepo, imefungwa kwa ile plastiki yake ambayo haijakatwa.

Fundi wa Busia

Ndugu wa Malaba, pole kwa mwenzenu, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Busia na zilizoungua zinaletwa kwangu, kwa hiyo nianze na hiyo iliyoungua, halafu nije kwenye mtungi.

Umesema mlisikia harufu kwanza, pikipiki ikiwa imesimama. Hapo mimi ningeangalia koki, ile ya kufungia petroli chini ya tangi, na kabureta kabla ya kitu kingine. Ndani ya kabureta kuna floti na sindano yake, ndiyo inayofunga petroli ikishatosha. Uchafu kidogo ukinasa hapo, na petroli ya kununua kwenye chupa kando ya barabara huwa na uchafu, sindano haifungi. Koki ikiwa wazi petroli inaendelea kushuka yenyewe kutoka kwenye tangi, inafurika, inadondokea injini. Halafu mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, unatambaa chini usiuone. Sasa umemtaja kijana wa chapati. Sigiri yake iko umbali gani na pikipiki zenu? Karibu kila steji ninayoijua ina sigiri ya makaa pembeni, na sisi tunapanga pikipiki mbele yake ili tuwe karibu na chai. Kama haikuwa sigiri, basi waya. Mtu amefunga taa za ziada, redio na chaja ya simu moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, waya unasuguana na fremu mpaka ngozi inatoka, unapiga cheche pale pale petroli inapodondoka.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela ya mtungi, badilisha ule mpira wa petroli kama umekauka na kupasuka, weka fyuzi, na ujizoeze kufunga koki kila unapokaa stejini. Hiyo ya koki haina gharama yoyote, na bado naona vijana wengi hata hawajui iko upande gani.

Sasa mtungi. Chukua cha unga, na kwenye lebo uone herufi A na B. B ndiyo petroli. A ni vitu kama siti, mpira wa tairi na nguo, navyo vinashika haraka sana kwenye pikipiki. Cha gesi ya kaboni kinafaa ndani ya chumba. Nje kwenye upepo gesi inapeperuka kabla haijafanya kazi, na chuma chake ni kinene na kizito, hakifai pikipiki. Maji mmeona wenyewe yalichofanya: petroli ni nyepesi kuliko maji, inaelea juu yake na kusafiri nayo huku inawaka. Mchanga mlifanya vizuri sana kuutumia. Wekeni ndoo ya mchanga mkavu stejini, kila steji ingekuwa nayo.

Ila uelewe kilo moja ni kitu gani. Ukibana, unga unakwisha kati ya sekunde sita na kumi. Unasimama hatua mbili tatu kutoka kwenye moto, upepo ukiwa mgongoni kwako, unavuta pini, unalenga chini kule moto unakoanzia na siyo kwenye ndimi, unabana na kufagia kushoto na kulia. Ukimwaga unga juu ya ndimi umeupoteza. Na moto ukizimika usisogee kushangaa! Unga unaukatiza moto lakini haupozi chuma. Ekzosi bado ni ya moto, na petroli ikiendelea kudondoka moto unarudi, tena usoni mwako. Kama koki inafikika bila kuingiza mkono kwenye moto, ifunge. Funguo uwe umeshaizima mwanzoni kabisa. Kifuniko cha tangi usikiguse.

Kama tangi lenyewe limeshazungukwa na moto, acha. Ondoa watu, ondokeni, piga 999 au 112 uwaambie polisi unahitaji zimamoto. Pikipiki inanunuliwa nyingine. Nasema hivi kwa sababu nimeona wenzetu wanarudi kuitoa pikipiki ya mkopo kwenye moto, kwa kuwa bado wanadaiwa. Namuelewa mwenye deni, lakini mkopeshaji hatakuuguza.

Mahali pa kufunga ndilo swali lako gumu, na wengi wanakosea hapo. Wanafunga kwenye gadi ya mbele ya injini. Hapo kuna joto, kuna tope, na ndipo moto wenyewe unapoanzia, itabidi uingize mkono ndani ya moto kuufuata mtungi. Wengine wanafunga chini ya keria, halafu wanapakia magunia ya makaa na mikungu ya matoke juu yake. Mpaka ufungue kamba, kila kitu kimekwisha. Upande wa kulia hapana, kwa ajili ya ekzosi. Kushoto kwenye ule wavu wa chuma wa kuzuia nguo ungefaa, lakini umesema kweli kuhusu miguu ya akina mama, na gomesi, lile gauni lao refu, lina kitambaa kingi cha kunasa. Mimi nafunga nyuma kabisa, kona ya kushoto ya keria, mtungi ukiwa umesimama wima, nje ya pale mzigo unapokaa. Kibano kiwe cha chuma chenye mpira ndani na klipu ya kufyatua kwa mkono mmoja. Usifunge kwa mpira wa tyubu kama tunavyofunga vitu vingine. Tyubu inashika vizuri mpaka siku una haraka.

Mtikisiko, ndiyo, unauathiri. Unga unashindiliwa chini mpaka unagandamana. Mara moja kwa mwezi utoe mtungi kwenye kibano, ugeuze kichwa chini, ugonge kitako kwa kiganja mpaka usikie unga unatembea ndani. Tazama na mdomo wake, tope na nyigu hupenda kujaa pale. Usiujaribu kwa kupuliza kidogo uone kama unafanya kazi. Unga ukibaki kwenye valvu presha inavuja polepole, na siku ya shida hautatoka. Ukishatumika hata kidogo, ujazwe upya.

Kijana wa Tororo

Asante fundi, nimejifunza. Mimi nina swali lingine. Matanka ya petroli yanapita kwetu kutwa kucha kutoka mpakani. Likianguka moja na mimi nina kizimamoto changu, naweza angalau kusaidia? Na hizi boda za umeme, unga unafanya kazi?

Fundi wa Busia

Hapana, mdogo wangu. Kwa tanka hapana kabisa, na naomba hili ulisome mara mbili.

Tarehe 29 Juni 2013, Namungoona, kwenye Northern Bypass ya Kampala, tanka lilipata ajali na petroli ikamwagika. Watu wakaenda kuchota, na wengi wao walikuwa waendesha boda. Moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 30. Ungesema tulijifunza. Tarehe 22 Oktoba 2024, Kigoogwa, barabara ya Bombo, tanka likaanguka tena, watu wakakimbilia tena na madumu, wakafa zaidi ya kumi. Mtungi wako wa kilo moja mbele ya maelfu ya lita haufanyi chochote. Kumbuka nilivyosema mvuke unatambaa chini: umesimama mbali unajiona salama, kumbe miguu yako iko ndani yake, na mwenzako aliyekuja na boda anapiga kiki ili aondoke na dumu lake. Kiki hiyo moja inatosha. Ukiliona tanka limelala, zima injini, geuza pikipiki uisukume kwa mkono urudi ulikotoka, na uwazuie wanaokuja nyuma yako. Huo ndio msaada, na ni mkubwa. Najua petroli ilivyo ghali na najua ile hamu ya kitu cha bure kilichomwagika barabarani. Wale wa Namungoona walikuwa na hamu hiyo hiyo, hawakuwa watu wabaya.

Za umeme: unga unaweza kuzima siti au plastiki, lakini betri yenyewe ikianza kutoa moshi na kuvuma, joto liko ndani ya seli na unga haulifikii. Ondoka, watu wakae mbali, usivute moshi wake.

Nesi wa Mbale

Niongeze upande wangu, kwa sababu wanaoungua wanaletwa kwetu. Mtu nguo zikishika asikimbie, kukimbia kunachochea moto. Alale chini, afunike uso kwa mikono, abingirike. Anayemsaidia amfunike kwa blanketi zito au koti la pamba, siyo la nailoni, linayeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Baadaye, maji safi ya baridi ya kawaida yakimiminika juu ya jeraha dakika 20. Siyo barafu. Vueni pete, saa na mkanda mapema kabla hajavimba, lakini nguo iliyoganda kwenye ngozi msiivute. Na jamani, tunaomba: msipake dawa ya meno, msipake yai, wala samli, wala majivu. Tunalazimika kuvisugua vitoke, na mgonjwa analia maumivu mara ya pili. Funikeni kwa kitambaa safi, mleteni. Kama ni mtoto, au ameungua uso, mikono au sehemu za siri, msisubiri muone kesho itakuwaje.

Boda wa Malaba

Nimesoma yote, Mungu awabariki. Sigiri iko kama hatua nne kutoka tunapopanga, sikuwahi kuifikiria. Leo jioni nazungumza na mwenyekiti wa steji tuhamishe kimoja, sigiri au pikipiki. Fundi, swali la mwisho: watoto niwaambie nini bila kuwatisha?

Fundi wa Busia

Waambie kitu kimoja tu, na mkifanyie mazoezi kama mchezo mkifika getini. Ukisema "shuka", wanashuka kushoto, hawaulizi, hawarudi kuchukua begi, wanaenda pamoja mpaka kwenye mti au ukuta uliowaonyesha, wanakusubiri hapo. Begi la shule ndilo mtoto anarudia, kwa hiyo hilo ulirudie mara nyingi. Mwambie na mama yao mpango wenu ili awaulize nyumbani.

Petroli jaza kabla hujawachukua. Ikilazimu kujaza ukiwa nao, wanashuka na kusimama mbali kabla kifuniko hakijafunguliwa, injini imezimwa, simu iko mfukoni. Anayemimina kutoka kwenye chupa mwambie asijaze mpaka mdomoni, hiyo inayomwagika juu ya tangi inateremka moja kwa moja mpaka kwenye injini ya moto. Ikimwagika, futa, subiri ikauke, ndipo upige kiki.

Kwa mwenyekiti wenu, ombeni steji nzima ichange: ndoo mbili za mchanga zenye vifuniko, mvua isizilowanishe, na mtungi mmoja mkubwa kidogo ukae kwa mwenye duka anayefungua mapema. Kibano kama hukipati Malaba, mchomeleaji yeyote atakitengeneza kwa bamba jembamba, ila mpelekee mtungi wenyewe apimie, na kabla hajaanza kuchomelea kwenye keria, tangi litolewe kwenye pikipiki na liwekwe mbali.