Sindano ya seli shina kwa fistula ya ugonjwa wa Crohn: je, bado ipo?

Dada Mkubwa:
Ndugu wanajukwaa, mdogo wangu ana ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo, na kwa miaka mitatu anasumbuliwa na fistula, yaani tundu lisilo la kawaida linalotoka ndani hadi kwenye ngozi, pembeni mwa njia ya haja kubwa. Uzi wa setoni aliowekwa ili usaha utoke bado haujaondolewa, na safari ndefu ya basi humlazimu kubeba pedi za kubadilisha njiani. Kliniki moja ya nje ya nchi inamtumia ujumbe kwamba seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, “zimeidhinishwa Ulaya”. Je, ni kweli?

Mfamasia wa Zamu:
Pole sana, dada. Idhini ilikuwepo, lakini haipo tena. Mwezi Machi 2018 Umoja wa Ulaya uliidhinisha darvadstrocel, yaani seli shina zilizotolewa katika mafuta ya watu waliojitolea na kukuzwa maabara. Daktari alikwangua njia ya fistula, akashona tundu la ndani, kisha akadunga seli milioni 120 kuzunguka hapo. Katika jaribio la kwanza, lenye wagonjwa 212, takriban nusu ya waliopata seli walikuwa wamepona kufikia wiki ya 24, ilhali waliodungwa maji ya chumvi walipona theluthi moja tu. Jaribio la pili lilikuwa na wagonjwa 568, na katika matokeo yake ya mwaka 2023 waliopona walikuwa asilimia 48.8 ya waliopata seli na asilimia 46.3 ya wasiopata, tofauti ambayo haitoshi kuthibitisha lolote. Desemba 2024 kampuni ya Takeda iliiondoa dawa hiyo katika soko la Ulaya.

Kinachonivutia ni kwamba kiwango cha kupona kwa waliopewa seli hakikushuka. Kilichopanda ni kile cha wasiopewa seli. Kwa maoni yangu, huenda kazi kubwa ilifanywa na kule kukwangua na kushona, ambako makundi yote mawili yalifanyiwa.

Mstaafu wa Maabara:
Niongeze kwamba upandikizaji wa seli shina za damu ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa kinga ya mgonjwa hudhoofishwa kwanza kwa dawa kali. Jaribio lake kwa ugonjwa wa Crohn, liitwalo ASTIC na lililochapishwa mwaka 2015, lilikuwa na wagonjwa 45. Mmoja alifariki, na lengo kuu halikufikiwa.

Dada Mkubwa:
Nashukuru sana. Kliniki hiyo haijataja popote seli zinatoka wapi, wala haijaomba picha ya MRI ya mdogo wangu, ila imeshataja kiasi cha malipo ya awali. Nimemwambia asitume chochote, na Jumatatu tutamwuliza daktari wake wa upasuaji kuhusu hilo la kukwangua na kushona.