Acheni kuuza obiti za kutabiriwa kwa jina la obiti sahihi

Wapimaji wenzangu wa Mombasa, hili limenikaa kooni na leo nalitoa. Ripoti zinazozunguka hapa mjini, za viwanja, za barabara, hata za vina vya maji, zimeandikwa "obiti sahihi za IGS zimetumika, usahihi sentimita 2". Obiti ni njia ya setilaiti ya GPS angani, na IGS ni huduma ya kimataifa inayozikokotoa na kuzitoa kwa mafaili. Ukiomba uletewe faili lenyewe, jina lina ULT, yaani toleo la haraka kuliko yote, na muda wa kazi umeangukia nusu ya pili ya faili. Nusu hiyo haikupimwa na mtu. Imetabiriwa. Mteja amelipia kipimo, amepewa makisio, na hakuambiwa.

Faili la ULT hubeba saa 48. Saa 24 za kwanza zimetokana na data halisi ya vituo vya ardhini, na kimojawapo kiko Malindi hapo jirani. Saa 24 za mwisho ni hesabu iliyosukumwa mbele tu. Jina la faili halifichi kitu: tarakimu zinazofuata ULT ni mwaka, siku ya mwaka, kisha saa na dakika ya kuanzia, kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ongeza saa 24. Hapo kipimo kimekwisha na utabiri umeanza. Faili jipya hutoka mara nne kwa siku, muda wa saa tatu baada ya data kukoma, yaani kwa saa zetu saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku. Anayefanya kazi ya papo kwa papo na kupakua kila linapotoka hagusi ila saa ya tatu mpaka ya tisa ya utabiri, ambako ndiko penye nafuu. Hata kwa utabiri mzima obiti za GPS hukosea wastani wa sentimita 5 hivi. Lakini anayepakua mara moja na kulitumia faili hilo mpaka kesho yake anakula mkia, na mkia ndio uliooza.

Unaoza kwa nini? Mvutano wa dunia, mwezi na jua unajulikana vizuri, hauleti taabu kubwa. Taabu ni mwanga wa jua. Unaisukuma setilaiti kwa mchapuko wa kama mita 0.0000001 kwa sekunde mraba. Mtu ataudharau, lakini uache nje ya hesabu siku moja tu, setilaiti imeshakupotea kwa mamia ya mita. Na kuukadiria si kazi nyepesi, maana unategemea umbo la setilaiti, paneli zimeelekea wapi na ngozi yake imechakaa kiasi gani. Halafu kuna misimu ya kivuli, miwili kwa mwaka kwa kila kundi la setilaiti zinazopita bapa moja. Setilaiti inaingia nyuma ya dunia hadi dakika 55 hivi kwa kila mzunguko, msukumo unakatika ghafla, na jua la kujielekezea halionekani. Siku hizo setilaiti hiyo haistahili kupewa uzito sawa na wenzake. Sijaona ripoti hata moja ya hapa inayotaja neno kivuli.

Mzunguko wa dunia nao hutabiriwa, maana nafasi za setilaiti kwenye faili huandikwa kwa kufuata dunia inayozunguka. Ukiukosea kwa milisekunde 1, kule juu ziliko setilaiti ni mita 1.9.

Kinachonikera kuliko yote ni saa za atomu zilizomo ndani ya setilaiti. Watu wanabishania sentimita 5 za obiti huku saa iliyotabiriwa inakosea kama nanosekunde 3, na nanosekunde moja ni sentimita 30. Piga hesabu: sentimita 90! Obiti hufuata sheria za mwendo, saa hupepesuka ovyo, hivyo utabiri wake huharibika mapema zaidi. Kwa njia ya PPP, ya kupima kwa resiva (kipokezi cha mawimbi ya setilaiti) moja tu, kosa hilo linaingia moja kwa moja kwenye umbali, hakuna resiva ya pili ya kulifuta. Kuandika sentimita 2 kwa PPP iliyotumia saa za kutabiriwa ni uongo, tusiuite kosa la uchapaji.

Kwa resiva mbili mambo ni mengine, na sitaki tuwaonee watu. Kosa la saa hufutika, na la obiti hupungua kwa uwiano wa urefu wa mstari wenu na umbali wa setilaiti, kilomita 20,000 na ushei. Mita nzima ya kosa kwenye mstari wa kilomita 20 inabaki milimita 1. Hata ukivuta mpaka Malindi, kilomita 100 na kidogo, ni milimita 5 hivi. Kwa kiwanja cha Nyali zinatosha obiti zinazokuja na mawimbi yenyewe. Basi andikeni hivyo!

Mnaotaka kuhakiki, fungueni faili hilo la obiti, ambalo muundo wake huitwa SP3, kwa programu yoyote ya maandishi. Tazama mstari wa setilaiti, mfano PG07, yaani nafasi ya setilaiti ya GPS namba 7. Hesabu herufi za mstari kutoka kushoto: P kwenye safu ya 76 ni saa ya setilaiti iliyotabiriwa, P kwenye safu ya 80 ni obiti iliyotabiriwa, M kwenye safu ya 79 ni setilaiti iliyosogezwa kwa injini, hiyo itoeni. Saa ikisomeka 999999.999999, haipo. Nafasi ikiwa sifuri tupu, haipo pia. Na mnaoandika programu zenu wenyewe, nukta za faili hili zimepishana dakika 15. Mkiziunga kwa mstari ulionyooka, katikati mnakosea makumi ya kilomita. Tumieni polinomia ya daraja la 9 au zaidi, na ungeni faili la jana na la leo ili msihesabu ukingoni.

Kazi isiyo na haraka isubiri. RAP, toleo la haraka, hutoka kesho yake saa mbili usiku kwa saa zetu, FIN, toleo la mwisho, baada ya wiki mbili hivi, na ndani hamna utabiri.

Ripoti isiyo na jina kamili la faili na saa lilipopakuliwa irudishwe kwa mwenyewe. Mwenye ya namna hii aweke hapa jina la faili na muda wa kazi tu, majina ya kampuni na wateja yabaki nje.