Waliomsubiri Batman kwenye Gotham mpaka mwisho, tupeane uzoefu

Mzee wa Flashi
Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza kuirudia tamthilia ya Gotham yote, sizoni 5, episodi 100, na bado nauliza nilichouliza 2014: Batman yuko wapi? Naanza na yangu, nanyi shusheni zenu.

Mwaka ule nilikuwa chuo, Mwanza. Jamaa wa kibanda cha kurushia muvi akaniwekea kwenye flashi, akaapa kwamba ni ya Batman. Nikakimbilia geto. Chai haijapoa, wazazi wa Bruce Wayne, yule anayekuja kuwa Batman, wameshapigwa risasi uchochoroni na mtu aliyevaa kinyago na viatu vinavyong'aa. Nikajua sasa kazi imeanza. Kumbe Bruce ni mtoto tu, na mwenye tamthilia ni Jim Gordon, askari mgeni asiyekula rushwa kwenye kituo ambacho karibu kila mtu anakula. Humo humo episodi ya kwanza kesi ya mauaji anabambikiwa Mario Pepper, naye hayupo tena hai kujitetea. Gordon akianza kuchokonoa, Falcone, bosi wa wahalifu wote, anaagiza apelekwe gatini akammalize Penguin, kijana wa genge, ili ijulikane kuwa ni mwenzao. Gordon anapiga risasi pembeni, anamsukumia majini, anarudi kama aliyetii.

Nilisimamisha kompyuta pale. Mzee wangu alikuwa mtu wa mizani ya malori. Kila mwisho wa zamu wenzake walikuwa wanagawana bahasha. Mwanzoni alikataa, wakaacha kumsalimia, gari la kazini likawa "linamsahau" nyumbani. Akaanza kuzipokea. Siku moja mama anatafuta kitenge kabatini akakuta begi lina bahasha, hata moja haijafunguliwa. Ugomvi wa siku ile siusahau, maana tulikuwa tunadaiwa ada. Ndiyo maana namwelewa Gordon kuliko mtu mwenye mbawa.

Binti Kisauni
Mie huyo Batman nilishamtoa akilini mapema. Moyo wangu ulikuwa kwa Penguin, na wallahi sioni haya kusema. Mtu kaanza kwa kumshikia mwavuli Fish Mooney, bosi wake wa genge, anachechemea, anachekwa, halafu jiji zima linamtetemekea. Na yule mamake, Gertrud! Mwana ni muuaji, yeye anamtengeneza tai kama bwana harusi.

Sizoni ya pili mama alipochomwa kisu akafia mikononi mwa mwanawe, nililia kwa sauti. Nyanya yangu alikuwa uani anakuna nazi, akaja mbio. "Nani kafariki?" Nikamwambia mamake Penguin. Akakaa kimya kidogo, akauliza, "Maskini, ni wa mtaa gani?"

Afande Mstaafu
Mimi niliishia sizoni ya tatu. Mwanzo ilikuwa tamthilia safi ya upelelezi: Bullock, mwenzake Gordon, na kofia yake, uvivu wake, mtu unayemwona kabisa kaunta ya kituo. Wakaja kufufua maiti kule Indian Hill, maabara ya siri, nikasema hapana. Maiti ikifufuliwa, sisi wapelelezi tutakula wapi?

Mzee wa Flashi
Afande, umeacha pabaya! Sizoni hiyo hiyo ya tatu Nygma, yule wa mafumbo aliyekuwa maabara ya polisi, anampeleka Penguin gatini tena. Safari hii risasi haikwenda pembeni. Ukiangalia hiyo baada ya ile ya kwanza unaona waandishi hawakusahau kitu.

Afande Mstaafu
Hm. Niletee flashi.

Mlinzi wa Zamu ya Usiku
Mimi nilisubiri kweli kweli. Nalinda ghala, naangalia kwa simu, sauti sikio moja. Nimemwona David Mazouz, anayemwigiza Bruce, akikua humo ndani, kutoka mtoto anayelia uchochoroni mpaka kijana anayeruka mapaa na kinyago usoni. Nikasema dogo atavaa lile vazi siku moja, na mimi nitakuwepo.

Episodi ya mwisho, Aprili 2019. Wameruka miaka kumi mbele. Nimejifunika koti kichwani, mbwa wa bosi pembeni, taa inawashwa mawinguni, bando likakata. Saa tisa usiku, duka gani litakuuzia vocha? Nilikaa mpaka alfajiri namwaza mtu wa kwenye paa. Kulipokucha nikaweka bando, nikamwona: kasimama juu ya jengo, Gordon anamtazama, basi. Na nikaja kusoma kwamba aliyevaa vazi si dogo wangu, wamemweka mtu mrefu zaidi. Selina, yule binti mwizi rafiki wa Bruce, naye wamembadilisha mwigizaji, ni Lili Simmons, nikadhani nimefungua muvi nyingine.

Binti Kisauni
Pole kaka. Na mbwa je, alimwona?

Mlinzi wa Zamu ya Usiku
Alilala tangu sizoni ya nne.