Kuishi ndani ya boti kwenye mifereji ya London: sheria ya siku 14 na usalama wa njia usiku

Binti wa Pangani aliuliza:

Assalamu aleykum, na salamu kwenu nyote mliotangulia katika maisha ya majini. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja mashariki mwa London, na kwa miaka minne nimekuwa nikipanga chumba ambacho kodi yake hupanda kila mkataba unapokwisha. Nimeona boti moja ya chuma, yenye urefu wa mita 17 na upana wa mita mbili na ushei, ambayo mwenyewe anaiuza kwa bei ninayoimudu kwa akiba yangu pamoja na mkopo mdogo. Nimeingia ndani, nimewasha jiko la makaa, nimejilaza kitandani kujipima. Nimekulia kando ya mto na vyombo havinitishi. Kinachonitia wasiwasi ni mambo mawili yaliyo nje ya boti yenyewe.

La kwanza ni mahali pa kuifunga. Muuzaji hana gati ya kudumu. Ana leseni ya watu wanaosafiri mwaka mzima, na ameniambia kwamba kila baada ya siku 14 huvuka daraja moja au mawili kisha akafunga tena, na kwamba hajawahi kusumbuliwa. Je, hivyo ndivyo sheria inavyotaka?

La pili ni njia ya kando ya mfereji. Zamu yangu ya mchana huisha saa mbili usiku, na mwezi wa Desemba jua la huku huzama kabla ya saa kumi jioni. Juzi nilikwenda usiku makusudi, nikatembea kutoka Victoria Park hadi Broadway Market ili nijionee. Baiskeli mbili zilinipita bila taa, na chini ya daraja moja nilisikia vijana wakizungumza lakini sikuwaona mpaka nilipokuwa hatua tatu kutoka walipoketi. Hawakunifanya lolote, hata salamu walinipa, lakini nilifika barabarani moyo ukinidunda. Ningependa kusikia kutoka kwa wanaoishi maisha hayo, hasa wanawake walio peke yao.

Nahodha wa Camden alijibu:

Wa aleykum salaam, dada. Huu ni mwaka wangu wa tisa majini, na ninaanza na sheria kwa sababu maneno ya huyo muuzaji yanaweza kukupotezea makazi.

Leseni hutolewa na Canal & River Trust, shirika la hisani lililorithi mwaka 2012 kazi ya British Waterways, shirika la umma lililokuwa likisimamia mifereji. Sheria ya British Waterways ya mwaka 1995, kifungu cha 17, inataka mambo matatu: cheti cha usalama wa boti, ambacho hutolewa upya kila baada ya miaka minne, bima, na mahali pa kudumu pa kufungia. Asiye na mahali pa kudumu anatakiwa airidhishe Trust kwamba chombo chake kitatumika kwa nia ya kweli ya kusafiri katika kipindi chote cha leseni, bila kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, au muda mrefu zaidi ikiwa hali inastahili. Wengi huishika ile namba 14 na kuliacha neno la kusafiri, ambalo ndilo lenye uzito. Mwaka 2011 mahakama ya Bristol ilitoa uamuzi dhidi ya mtu aliyekuwa akiishi ndani ya boti yake na kuisogeza huku na huku katika kipande kimoja cha mfereji wa Kennet and Avon, kwa kuona kwamba kusogea kwa namna hiyo hakutoshi kuitwa kusafiri.

Sheria yenyewe haitaji umbali wowote. Hata hivyo, Trust imeeleza wazi kwamba ni vigumu kuridhika na mtu ambaye eneo lake la safari kwa mwaka mzima halifiki maili 20, yaani kilomita 32 hivi. Zingatia namna wanavyopima: wanatazama ncha mbili za mbali kabisa ulizofika, wala hawajumlishi safari za kwenda na kurudi. Ukivuka daraja lile lile mara 50, kwao bado uko pale pale. Watu wao hupita kando ya mfereji wakiandika namba ya kila boti na mahali ilipofungwa, kwa hiyo kumbukumbu za mwaka wako wanazo hata kama hujawahi kugongewa mlango. Mwenye kumbukumbu zisizoridhisha huweza kupewa leseni ya miezi sita badala ya mwaka, na asipojirekebisha hunyimwa. Boti isiyo na leseni huweza kuondolewa majini, ingawa ikiwa ni makazi ya mtu huwa wanaanzia mahakamani.

Kwako wewe, hesabu inawezekana. Regent's Canal, mfereji ule ule uliotembea kando yake usiku, kutoka Limehouse upande wa mashariki hadi Little Venice upande wa magharibi ni kilomita 14, na kati ya Limehouse na Camden kuna loki 12, yaani vyumba vya maji vyenye milango vinavyopandisha au kushusha boti. Ukiendelea na tawi la Paddington hadi Bull's Bridge, jirani na Hayes, unaongeza kilomita 22 zisizo na loki hata moja. Kwa ncha na ncha umeshapata 36. Upande wa pili kuna mto Lee, ambao ukiufuata hadi Hertford ni zaidi ya kilomita 40. Ila ujue kwamba kuhama kila siku 14 ni kuhama mara 26 kwa mwaka, na kila mara siku moja ya mapumziko yako itakwenda huko. Loki moja kwa mtu aliye peke yake hunichukua mimi dakika 20, na pale ambapo kuna foleni ni zaidi.

Katika bajeti yako tia pia nyongeza ya leseni tunayotozwa sisi tusio na gati ya kudumu tangu Aprili 2024. Ilianza na asilimia 5 na imepangwa kufika asilimia 25 mwaka 2028. Siikubali nyongeza hiyo, kwa sababu inawaangukia zaidi watu walioingia majini kwa kushindwa kodi za nchi kavu, lakini kuilipa ni lazima. Tena, ukiugua, injini ikikufia, au loki ikifungwa kwa matengenezo, waandikie kabla siku ya 14 haijafika, eleza hali yako, na utunze jibu lao. Mara zote tatu nilizoomba muda wa ziada nilikuwa na sababu ya kweli na nilipewa. Jirani yangu aliyenyamaza wiki tano akisubiri kipuri cha injini alipata barua ya onyo, na sababu yake ilikuwa nzuri kuliko zangu.

Mama wa Mto Lee alijibu:

Binti yangu, nimeishi peke yangu ndani ya boti tangu mwaka 2017, na nakushukuru kwa kwenda usiku kuiangalia njia kabla ya kutoa fedha, maana wengi huiangalia Jumapili mchana jua likiwaka.

Kwanza uielewe njia yenyewe. Ilijengwa kwa ajili ya farasi waliokuwa wakivuta mashua za mizigo, haikukusudiwa kuwa barabara ya watu, na ndiyo maana ni nyembamba na inajikunyata chini ya madaraja mahali ambapo huwezi kumwona anayekuja upande wa pili. Pitisha kidole kwenye kingo za chuma chini ya madaraja ya zamani, utakuta michirizi mirefu iliyochimbwa na kamba za mashua hizo kwa miaka mingi. Leo njia hiyo hiyo inabeba waendesha baiskeli wanaowahi kazini, wakimbiaji, mama wenye vigari vya watoto na sisi tunaobeba mitungi ya gesi. Sehemu nyingi hazina taa, na mahali pengine haziwekwi kwa sababu ya popo wanaowinda juu ya maji.

Umeuliza maswali mawili kama mambo yaliyo mbalimbali, lakini kwa mwanamke anayerudi usiku naona ni swali moja. Mwenye nyumba nchi kavu huijua njia yake mara moja, akaizoea. Wewe kila siku 14 utakuwa na mtaa mpya, na giza jipya la kulijua. Kwa hiyo ratiba yako ya safari usiipange kwa kilomita peke yake. Chukua ratiba yako ya zamu, uiweke kando ya ramani, na wiki zile za zamu za mchana uzipangie mahali ambapo kuna mlango wa kutokea barabarani karibu na boti. Ninaposema karibu nakusudia dakika mbili za kutembea, zisizidi tatu. Mimi nikifika mahali papya hufunga boti mchana, kisha natembea kutoka kituo cha treni hadi kwenye boti na kuhesabu ngazi na mageti ya kutokea njiani. Usiku nafuata barabara yenye taa na maduka hata kama inanizungusha, nashuka mferejini kwenye ngazi ya mwisho kabisa. Reli ya bonde la Lee inakwenda sambamba na mto kwa sehemu kubwa, na vituo vya Tottenham Hale, Cheshunt na Broxbourne vyote viko jirani na maji. Upande wa magharibi Alperton ni hivyo hivyo. Ila ukifunga upande wa King's Cross kumbuka kwamba handaki la Islington, lenye urefu wa mita 878, halina njia ya miguu ndani yake, na lazima upande juu na kukatiza mitaa ya Angel.

Usifunge chini ya daraja wala peke yako. Tafuta mlolongo wa boti ambazo watu wanaishi ndani yake, utawajua kwa moshi wa bomba na kuni zilizopangwa juu ya paa, na siku ya kwanza wagongee na ujitambulishe. Usiku mmoja wa Novemba, saa nane, niliamshwa na kikombe kilichosogea mezani. Boti huinama kidogo mtu mzima anapokanyaga upande mmoja, na ukishaishi humo mwili wako unajua hata ukiwa usingizini. Mtu alikuwa ameshapanda tezi, yaani nyuma ya boti, na anajaribu kufuli la mlango. Sikufungua na sikumsemesha. Nilichukua sufuria nikagonga ukuta wa chuma kwa nguvu, mlio ukaenda mbali, na taa za boti mbili za jirani zikawaka. Nilisikia boti ikiinuka alipokanyaga nje. Tangu siku hiyo nina komeo la ndani kwenye milango yote miwili, na siachi juu ya paa baiskeli wala kopo la mafuta lisilofungwa.

Namba ya daraja lililo karibu iandike kwenye karatasi ukutani kila unapohama. Ukipiga 999, namba ya dharura ya huku, ukiwa na hofu, hutaweza kueleza uko wapi kwa mtu asiyeujua mfereji, kwa kuwa boti haina jina la mtaa. Mimi husema namba ya daraja na jina la barabara inayopita juu yake, na huongeza maneno matatu ya what3words, programu ya simu inayotaja mahali ulipo kwa maneno matatu.

Na maji nayo usiyasahau kwa kuwaogopa watu. Wakati wa baridi ubao wa boti hufanya barafu nyembamba isiyoonekana, na mimi nimeteleza nikiwa na mifuko ya sokoni mikono yote miwili. Maji yalinifika kifuani, sehemu nyingi za mfereji ni hivyo, lakini ubaridi ulinikata pumzi nisiweze hata kuita. Sasa naingia na mfuko mmoja mmoja.

Mkaa Gatini alijibu:

Shikamoo Mama wa Mto Lee. Dada, mimi niliishi maisha ya kuhama kwa miaka mitano na niliyaacha mtoto wetu alipoanza shule, kwa sababu kumvusha London kila asubuhi kutoka mahali papya kulitushinda. Sasa tuna gati ya kudumu yenye geti na taa, na mke wangu anarudi kazini bila wasiwasi. Tahadhari yangu ni moja tu. Gati nyingi zinazotangazwa zimeruhusiwa kwa boti za mapumziko, haziruhusiwi kuwa makazi, na hilo mara nyingi limeandikwa kwa herufi ndogo mwishoni mwa mkataba. Uliza kwa maandishi kama ni ya makazi. Za makazi ni chache na ghali, na juu yake kuna kodi ya halmashauri. Kama zamu za usiku ndizo nyingi kwako, mimi ningesubiri mpaka nipate gati.

Binti wa Pangani aliandika tena:

Nawashukuru sana, na Mama, shikamoo. Nimekaa leo na ramani na ratiba ya zamu kama ulivyonielekeza. Miezi ya Aprili hadi mwanzoni mwa Septemba inapangika bila shida, kwa kuwa ninatoka kazini bado kuna mwanga au giza ndiyo kwanza linaingia. Tatizo ni Novemba hadi Februari. Nimesoma kwamba Trust huuza nafasi za kufunga kwa majira ya baridi. Je, nikichukua nafasi hiyo, ile miezi ya kukaa mahali pamoja itahesabiwa dhidi yangu?

Nahodha wa Camden alijibu:

Haitahesabiwa, dada. Ukinunua nafasi ya baridi unaruhusiwa kukaa pale kwa muda ulioulipia, na muda huo ukiisha unarudi kwenye kusafiri kama kawaida, ila zile kilomita zako uwe nazo katika miezi iliyobaki. Nafasi zilizo karibu na katikati ya jiji huchukuliwa upesi sana, kwa hiyo ingia siku ile ile zinapofunguliwa, ukiwa na chaguo la pili na la tatu.

Mama wa Mto Lee alijibu:

Na kabla hujalipia, nenda ukaione usiku, saa ile ile utakayokuwa unatoka zamu. Ukitaka mwenzako wa kutembea naye niandikie, tutakwenda pamoja. Nina tochi mbili.